Jioni za Mtu Aliyeacha Pombe

Maneno ya katekista mbele ya Wakristo na walimu, Masumbwe



Wenye kuandaa kitabu hiki cha Jubilei wametuomba tuseme neno juu ya ulevi. Tulipopewa kazi hiyo tulidhani ni nyepesi, maana nani asiyejua kusema juu ya walevi? Kila mtu analo neno lake, na maneno yote ni yale yale: kwamba ulevi huleta umaskini, huvunja nyumba, huharibu mwili. Ni kweli tupu. Lakini mlevi mwenyewe ayajua hayo kuliko sisi, kwa kuwa sisi tumeyasikia na yeye ameyaonja. Basi hatutayarudia. Neno letu ni juu ya mtu aliyekwisha kuacha pombe, au bangi, au dawa za kulevya. Na hasa ni juu ya saa zake za jioni, tangu jua linapozama mpaka wakati wa kulala. Twasema hivi kwa sababu sisi wenyewe tulimpoteza mtu katika saa hizo, na tusingependa ninyi mpoteze wenu kwa njia ile ile.

Mwaijua nchi yetu. Masumbwe ni mji wa njia kuu. Malori hupita usiku na mchana yakitoka Isaka na Kahama, yakielekea Ushirombo na mbele zaidi hata Rwanda na Burundi. Na huku na huku, katika Mbogwe, Bukombe na Geita, ardhi imechimbwa kwa ajili ya dhahabu. Baba zetu walikuwa watu wa jembe na ng'ombe. Pombe waliijua: wanzuki wa asali, kangara, pombe ya mtama. Hatusemi kwamba walikuwa malaika; mzee akiwaambia kwamba zamani hakuna aliyelewa, mzee huyo amesahau, au alikuwa amelala wakati ule. Walakini pombe ya zamani ilikuwa na siku yake. Mtama ulipovunwa ulipikwa. Chungu kilipokwisha, kilikwisha, na watu wakarudi shambani. Fedha ya dhahabu haina msimu. Duara likitema leo, mgao ni leo, na muuza gongo yuko pale pale penye taa akingoja. Mchimbaji mmoja alitueleza akasema: "Twanywa kabla ya kushuka kwa sababu ya hofu, na tukipanda twanywa kwa furaha kwamba hatukufa." Hatukuwa na jibu la kumpa.

Mtakumbuka pia vile vifuko vya plastiki vilivyoitwa viroba. Serikali ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, nasi tulimshukuru Mungu, maana kila njia ya kwenda machimboni ilikuwa imetapakaa vifuko vitupu, na hata watoto wa shule walivinunua kwa sarafu. Vifuko vikatoweka njiani. Kiu ya waliovizoea haikutoweka, ikahamia kwenye gongo, ambayo haina kipimo wala mtu wa kuikagua.

Sasa tueleze habari ya mtu mmoja. Hatutamtaja jina, wala hatutaitaja jumuiya yetu, kwa kuwa aibu iliyomo katika habari hii ni yetu kuliko yake. Tutamwita ndugu yetu, ndivyo alivyo.

Ndugu yetu alikuja machimboni akiwa kijana, na mke, na watoto wawili. Duara lao lilitema mara tatu. Mara ya kwanza alinunua mabati akaezeka nyumba. Mara ya pili alinunua pikipiki. Mara ya tatu hakununua kitu, kwa maana wakati huo alikuwa hawezi kuamka asubuhi pasipo kunywa kwanza. Mikono yake ilitetemeka hata asiweze kufunga vifungo vya shati. Pikipiki ikauzwa. Kisha mabati yakaezuliwa juu ya vichwa vya watoto, yakauzwa moja moja. Mkewe akarudi kwa baba yake. Watoto wa mtaani wakampa jina baya, nasi watu wazima tukalisikia tukacheka.

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, alikuja kwa miguu yake nyumbani kwa mwenyekiti wa jumuiya akasema: "Baba, nimechoka." Tulifurahi mno. Siku ya Pasaka tukamsimamisha mbele ya watu wote, akaapa kwamba hataigusa pombe tena maisha yake yote. Mama zetu wakapiga vigelegele, vijana wakampiga picha kwa simu zao. Jumapili iliyofuata tukampeleka katika kigango cha jirani atoe ushuhuda, na Jumapili ya pili katika kigango kingine. Kila mahali alilia, na watu wakalia pamoja naye, wakatoa sadaka. Tulimnunulia shati jeupe. Na ili tuonyeshe kwamba twamwamini kabisa, tukamchagua kuwa mtunza fedha za mazishi. Tulijiona watu wema sana.

Jioni kila mmoja wetu alikwenda kwake.

Hilo ndilo tusilolifikiri. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka kumi hakuacha kinywaji tu. Ameacha rafiki zake wote kwa siku moja, ameacha mahali pake pa kukaa, ameacha mazungumzo yake, ameacha hata wale waliokuwa wakimwita kwa jina lake jua linapozama. Nyumba yake haina mtu. Redio ameiuza. Atafanya nini toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa nne ya usiku? Baadaye sana alitueleza mwenyewe. Alikuwa akitembea mpaka mwisho wa mtaa, akageuka, akarudi, akatembea tena, na kila alipopita karibu na kilabu walimwita kwa furaha, si kwa ubaya. Akatuambia: "Mchana nilikuwa na Wakristo mia tatu. Usiku sikuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia karibu."

Katika wiki ya sita kulikuwa na sherehe ya ubatizo nyumbani kwa mmoja wetu. Palikuwa na pilau, na soda, na pombe pia, kama ilivyo desturi yetu, kwa maana tulikuwa hatujawahi kufikiri kwamba sherehe yaweza kuwa nyingine. Ndugu yetu alikaa na soda yake. Ndipo mwenzetu mmoja, mtu mwema, mcheshi, akammiminia bilauri akasema: "Moja haimwui mtu, tena leo ni furaha ya Mungu." Akainywa. Usiku ule ule alikuwa kilabuni, na asubuhi fedha za mazishi hazikuonekana.

Tukakutana, tukamtoa katika jumuiya. Kila mtu alisema: "Mimi nilijua." Hakuna aliyejua. Kama tungalijua, tusingalimkabidhi fedha mtu ambaye mwili wake ulikuwa bado wadai deni kila jioni. Na aliyemmiminia bilauri hakuulizwa neno.

Wazee wetu waliopo hapa waukumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi katika Kahama na Shinyanga. Na Masumbwe wakati ule ilikuwa katika Wilaya ya Kahama. Ndipo walipoanza Sungusungu. Yowe likipigwa, hata usiku wa manane, kila mwanamume alitoka na upinde na mishale yake, na kijiji kikaitikia kijiji. Asiyeitikia alitozwa faini. Mkosaji mkaidi alitengwa: hapewi moto, wala chumvi, wala salamu. Lakini hata aliyetengwa alikuwa na njia ya kurudi. Alikwenda mbele ya baraza, akalipa alichotakiwa, akapokewa tena, na mambo yakaisha. Hatusemi kwamba kila lililofanywa na Sungusungu lilikuwa jema. Yako mengine ambayo ni afadhali yasirudi. Twasema tu kwamba watu wa nchi hii wajua kutoka usiku kwa ajili ya ng'ombe wa jirani. Kwa ajili ya ndugu yetu hatukutoka hata jioni. Tena tulimtenga pasipo baraza, na njia ya kurudi hatukumwekea.

Alirudi kwa njia asiyowekewa. Baada ya miezi tisa, usiku mmoja, alibisha hodi kwa mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, bibi wa umri mkubwa. Mwaweza kushangaa, lakini bibi yule alikuwa amepika na kuuza wanzuki miaka mingi, na ndugu yetu alikuwa ameanguka uani kwake mara nyingi. Hakumwuliza habari za fedha za mazishi. Alimwambia: "Mwanangu, umekula?"

Asubuhi habari ilienea, na vijana wetu kadha wa kadha wakaja na shauri kwamba afungiwe ndani kwa kufuli siku saba mpaka pombe imtoke. Walikuwa na nia njema. Kwa rehema ya Mungu yuko miongoni mwetu muuguzi, akawazuia kwa ukali, nasi twayaandika maneno yake hapa ili walimu wayashike. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafula, hutetemeka, hutoka jasho, moyo huenda mbio, na katika siku mbili za kwanza mtu aweza kushikwa na degedege kama mwenye kifafa. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, huona wadudu na watu wasiokuwapo. Na wako wafao. Si pepo, wala si unafiki. Mtu wa namna hii hafungiwi chumbani. Hupelekwa hospitali au kituo cha afya, apewe dawa za kumtuliza, na maji, na vitamini ambayo ulevi wa miaka mingi huimaliza mwilini. Ndugu yetu alipelekwa siku ile ile. Usiku wa pili alishikwa na degedege mbele ya muuguzi. Kama angalikuwa nyuma ya kufuli, leo tungalikuwa na habari nyingine ya kuwaambia.

Na kwa kuwa vijana wengine hurudi kwetu kutoka miji mikubwa wakiwa wamezoea heroini, muuguzi aliongeza neno hili. Anayeacha heroini huumwa vibaya siku za kwanza, mifupa, tumbo, na usingizi hakuna. Walakini hatari yake kubwa huja nyuma yake. Akikaa wiki nyingi bila kuitumia, mwili husahau. Siku akirudia kipimo chake cha zamani, mwili hauwezi tena kukistahimili, pumzi hupungua, akafa. Kwa hiyo kijana aliyetoka gerezani au aliyetoka kufungiwa na wazazi wake yumo hatarini zaidi kuliko siku alipoingia, na jamaa zake hudhani kwamba sasa ni salama wamwache peke yake.

Ndugu yetu alirudi kwa bibi siku ya sita, miguu ikiwa dhaifu. Bibi hakumhubiria. Alikuwa na magunia ya mahindi ya kupukuchua, na kila siku kabla ya jua kuzama alimwita: "Njoo unisaidie, mikono yangu imechoka." Wakakaa uani, wakapukuchua, bibi akisimulia habari za ukoo wake, ambazo ni ndefu, twawahakikishia. Wakala ugali. Wakapukuchua tena mpaka usingizi ukaja. Mahindi yalipokwisha ukaja msimu wa karanga. Na karanga zilipokwisha, jambo ambalo hatukulijua wakati ule, bibi alikwenda sokoni akanunua kwa fedha yake mahindi mengine yenye magunzi, ili kazi isiishe.

Hakuna vigelegele vilivyopigwa. Hakuna aliyehesabu siku, isipokuwa labda bibi. Ndugu yetu alianguka tena mara moja, katika msiba wa kaka yake. Akanywa siku mbili. Siku ya tatu bibi akamtuma mjukuu wake: "Mwambie mahindi yamngojea." Akaja, hakutazama mtu usoni, akakaa, akachukua gunzi. Sasa ni mwaka wa tatu. Mkewe hajarudi, wala hatujui kama atarudi. Mtoto wake mkubwa huja kukaa naye wakati wa likizo. Fedha za mazishi amekuwa akizilipa kidogo kidogo kwa kufyatua matofali, na imebaki sehemu ndogo. Hatutasema kwamba amepona, maana yeye mwenyewe halisemi neno hilo.

Tulipokwisha kuyaona haya tulianza kusoma na kuuliza mambo ya kwingine, tukakuta kwamba saa za jioni zimewasumbua watu wa mataifa yote. Katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi, alikuwako mtu mmoja kibarua, jina lake Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka 1856, akawa mlevi tangu utoto wake. Siku moja mwaka 1884, hana senti, alisimama nje ya kilabu akiwangoja rafiki zake wamwalike, kama yeye alivyokuwa akiwaalika. Wakampita. Akarudi kwa mama yake, akaenda kuweka nadhiri ya kutokunywa. Na angalieni, hakuiweka ya maisha, aliiweka ya miezi mitatu tu. Ilipokwisha akaweka ya miezi sita, ndipo baadaye ya maisha yote. Hakutembea tena na fedha mfukoni. Na jioni, baada ya kazi, aliingia kanisani akakaa humo, kwa kuwa rafiki zake wote walikuwa kilabuni. Alikaa hivyo miaka arobaini na zaidi mpaka kufa kwake mwaka 1925, na Kanisa likamtangaza kuwa Mheshimiwa mwaka 1975. Sisi ndugu yetu tulimwapisha kiapo cha maisha yote kwa siku moja, mbele ya watu na simu.

Huko Marekani nako, mwezi wa Mei mwaka 1935, mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, alikuwa katika hoteli ya mji wa Akron. Biashara iliyompeleka imeharibika, hana mtu anayemjua, na alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu. Sauti za wanywao zilimfikia kutoka chumba cha pili. Badala ya kuingia, akashika simu akawauliza watu wa makanisa ya mji ule kama wamjua mlevi mwingine ambaye aweza kuzungumza naye. Wakampeleka kwa daktari aitwaye Robert Smith, wakazungumza saa nyingi. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha walevi walioacha, ambacho sasa kimeenea duniani kote. Kazi yao kubwa ni kukutana, mara nyingi jioni, wakae viti kwa duara na kuambiana kweli.

Katika nchi yetu wenyewe, hospitali ya Muhimbili ilianza mwezi wa Februari 2011 kuwapa waliozoea heroini dawa iitwayo methadoni. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014, na baadaye hospitali za mikoa mingine. Mgonjwa huja kila siku, akanywa kipimo chake mbele ya mhudumu, akaondoka. Wako wanaocheka wakisema kwamba amebadilisha dawa kwa dawa. Tusicheke. Dawa hiyo humtuliza asiumwe, hailewi kama heroini ikinywewa kwa kipimo, na humwondolea sindano inayochukua damu ya huyu na kumpelekea yule, pamoja na magonjwa yake. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2009, zimefunguliwa nyumba za upataji nafuu, na nyingi huongozwa na watu ambao wenyewe walikuwa waraibu. Kisha Tanzania bara nako zikaongezeka. Twazishukuru. Lakini toka Masumbwe ni mbali, na nauli na malipo si ya mtu aliyeuza mabati yake. Tena aliyekaa huko miezi kadha mwisho hurudi nyumbani, na jua la nyumbani huzama saa ile ile.

Basi twafanyaje? Tutaeleza tulivyofanya sisi, bila kusema kwamba ndiyo njia pekee. Sherehe za jumuiya yetu sasa hazina pombe, hata za arusi. Jambo hili lilileta ugomvi wa miezi mitatu, na wako waliotuhama. Mmoja alisema kwamba tumekuwa watu wa dhehebu jingine. Tulijibu kwamba Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai, twalijua, na kwamba hatukatazi divai duniani. Tunayemfikiri ni mtu mmoja aliyekaa kwenye kona na soda yake. Kuhusu fedha, hatumkabidhi aliyeacha hivi karibuni fedha za watu, wala hatumnyimi kwa matusi, twamweleza waziwazi. Wako watatu waliotuomba wenyewe tuwatunzie mgao wao, na wawili kati yao waliacha duara kabisa wakashika kazi ya matofali, kwa sababu walisema hawawezi kushuka chini wakiwa na akili zao zote.

Juu ya mama zetu wapikao pombe twapenda kusema kwa upole. Wako waliotaka wafukuzwe. Bibi yule alisomesha watoto wake wanne kwa wanzuki, na hakuna hata mmoja wetu aliyemletea karo. Kama tungemfukuza, nani angemwuliza ndugu yetu kama amekula? Tumewaomba mambo mawili tu: wasimwuzie aliyeacha, hata akija na fedha na maneno matamu, na wasiwatume watoto kuuza usiku. Wengi wamekubali. Wachache hawajakubali, nao twaendelea kuwaamkia kila siku.

Nanyi walimu, mtoto asinziaye darasani huenda hakulala kwa sababu ya makelele ya baba yake. Huyo asiitwe mtoto wa mlevi, wala msiruhusu wenziwe wamwite hivyo. Na neno hili teja, ambalo vijana walipenda sana, lisisikiwe kinywani mwa mwalimu. Ndugu yetu atuambia kwamba jina baya alilopewa mtaani lilimfuata hata katika wiki zile sita za kwanza, akiwa na shati lake jeupe, na ya kwamba kilabuni peke yake ndiko walikomwita kwa jina alilopewa na mama yake.

Bibi sasa ni mzee sana, macho yake yamefifia, hawezi kukaa uani usiku. Kwa sababu hiyo tumegawana jioni. Wako watu watano katika jumuiya yetu walioacha, wanne kwa pombe na kijana mmoja kwa heroini, na nyumba sita zimekubali kuwapokea kwa zamu: chakula cha kawaida, kazi ya mikono kama ipo, mazungumzo, na mtu wa kumsindikiza nyumbani. Jumapili ni kwa mwenyekiti. Jumatatu ni kwa muuguzi, akiwa hayuko kazini. Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi zina wenyewe. Jumamosi ndiyo ngumu, kwa kuwa ni siku ya mgao, nayo imechukuliwa na ndugu yetu mwenyewe, nyumbani kwake, ambako ameezeka mabati mapya upande mmoja.

Jumatano bado haina mtu. Anayeweza, na amwone mwenyekiti baada ya Misa, pale chini ya mwembe.